Nilikwama Ngazini, Wakanipigia Makofi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila pole usinipe, maana pole nimelishwa tangu utotoni mpaka nimekinai, na kama safu yako ingekuwa ya kugawa pole nisingekuandikia, nakuandikia kwa sababu nakusoma siku nyingi na najua una mdomo mkali na huogopi mtu.

Mimi ni profesa wa chuo kikuu na somo langu ni ulemavu. Watu wakisikia hivyo hudhani nafundisha wauguzi kukanda miguu, sivyo, ninachofundisha ni jinsi jamii inavyomtengeneza mlemavu, yaani nani alijenga mlango mwembamba, nani alitunga sheria, nani aliamua kwamba mtoto wa namna hii apelekwe shule na wa namna ile afichwe chumba cha uani, na nimeifundisha habari hiyo tangu nilipoajiriwa mpaka leo nywele zimeingia mvi. Mwenyewe nilipata polio nikiwa sijajua kusema vizuri, mguu wa kushoto haukukua na mwenzake, natembea kwa chuma cha mguu na gongo moja, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Ulemavu hauko mguuni, uko ngazini. Sentensi hiyo ni yangu, wanafunzi wameichapisha kwenye fulana, na jina wanaloniitia ni Mama Ngazi.

Jina lenyewe lina sababu. Jengo la utawala la chuo chetu lina ngazi za mawe pale mbele, pana, ndefu, zimejengwa ili mtu akizipanda ajione mdogo, na hakuna njia nyingine ya kuingilia, hakuna lifti, hakuna mteremko, ingawa nimeandika na kugombana mpaka nimechoka. Basi kila mwaka mhadhara wangu wa kwanza siufanyii darasani. Nawapeleka wanafunzi wapya pale chini, nawaambia wasimame, wasiseme neno, na asithubutu mtu kunisaidia, halafu napanda, gongo, chuma, mguu, gongo, chuma, mguu, mpaka juu, nikifika nageuka nawauliza, haya, kasoro iko wapi hapa? Nao hujibu kwa sauti moja, ngazini! Wapo waliohitimu zamani wakawa wakubwa huko waliko, na bado wakiniona barabarani wanaanza na ngazi ile.

Mwaka huu nilikuwa nimeshaanza kuona mambo. Mguu wa kulia, mguu mzima, ule niliouamini, ulikuwa unatetemeka nikisimama kufundisha, nikishika chaki mkono unakuwa mzito, nikilala chali pumzi inakata, na uchovu wenyewe si wa kulala ukaisha, ni uchovu wa kuamka nao. Nikaenda kwa daktari, lakini si wa hapa, nikasafiri mji mwingine, kwa sababu madaktari wa hapa wote wamefundishwa na kitivo cha tiba cha chuo chetu na habari ingefika kabla sijarudi. Na aliponiuliza kazi yangu, mshauri, sijui ni nini kilinipata, nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Ni kazi ya dada yangu, naishi naye, ndiyo iliyokuja mdomoni. Daktari kijana, mpole, akanieleza vizuri kwamba mishipa ya fahamu iliyobaki baada ya polio imebeba kazi ya ile iliyokufa kwa maisha yangu yote, kama mfanyakazi mmoja aliyeachiwa zamu za watu wawili, sasa imechoka, na nguvu itakayoondoka haitarudi, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuitunza iliyobaki. Akasema, "Mama, cherehani ya kukanyaga kwa mguu achana nayo, tafuta ya umeme." Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani na ushauri huo, nikaingia ndani, nikasikia dada yangu chumba cha pili anakanyaga cherehani yake, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu, na kicheko kile hakikuwa kizuri.

Baada ya hapo ikaja siku ya mhadhara wa kwanza, na mimi kwa kiburi changu nikawapeleka watoto wa watu ngazini kama kawaida. Nilipofika katikati mguu mzima ukakataa. Haukuuma, ulikataa tu, kama punda. Nikashika ukuta wa pembeni nikajiambia nipumzike kidogo, na kidogo ile haikuisha, pumzi haiingii, jasho linaingia machoni, na chini yangu darasa zima limenyamaza kimya kama nilivyowaagiza, hakuna aliyepiga hatua, kwa sababu niliwakataza. Nilitaka kusema nisaidieni. Neno lilikuwa hapa. Ndipo mmoja wa mbele akaanza kupiga makofi, mwenzake akafuata, wakapiga wote, wengine wanalia, walidhani ni somo, walidhani mwaka huu Mama Ngazi ameamua kuonyesha kwamba haipandiki. Na mimi, mshauri, nikainua mkono kuwapokea. Nikashuka kwa makalio, daraja moja baada ya jingine, chuma kinagonga mawe, na kadiri nilivyoshuka ndivyo makofi yalivyozidi. Mtu alirekodi kwa simu. Imesambaa. Watu wanaandika kwamba ni mhadhara bora kuliko yote niliyowahi kutoa.

Mmoja tu hakupiga makofi, mwanafunzi wangu wa uzamivu, haoni tangu kuzaliwa, tunamwita Wakili kwa sababu hashindwi hoja, na ndiye ninayetaka aje kukalia kiti changu. Alikuja ofisini akakaa bila kukaribishwa.

"Prof, ile ya ngazini haikuwa somo."

"Umejuaje?" nikamtania. "Ndiyo yale masikio ya ajabu ya vipofu?"

"Usinitanie utani uliotukataza mwenyewe. Kila mtu alikusikia unavyohema. Mimi siwazidi kwa masikio, nawazidi kwa kutokuogopa wewe."

"Niko sawa, Wakili."

"Kama wewe uko sawa, basi mimi naona."

Nikamwambia akaandike sura yake ya nne aache kunichunguza pumzi. Akaondoka, na tangu siku ile hajaniletea hata ukurasa.

Sasa kinachonikaba ni hiki. Seneti ya chuo imeletewa pendekezo la kuifuta idara yangu na kuihamishia kitivo cha tiba, tuwe kitengo chini ya watu wa viungo na mazoezi. Mkuu wa kitivo hicho, ambaye sisi wa idarani tunamwita Mganga Mkuu, alisimama kwenye kikao akasema, "Profesa mwenzangu, dada yangu, hatuwafukuzi, tunawarudisha nyumbani. Mlemavu nyumbani kwake ni hospitali." Nikamjibu, "Nyumbani kwangu ni maktaba. Hospitali naenda nikiumwa, kama wewe." Ukumbi ulicheka mpaka akakaa. Na mimi sasa naumwa.

Seneti inakaa karibuni, na inakaa huko huko juu ya ngazi, nami nimepewa nafasi ya kuitetea idara kabla ya kura. Wanafunzi kwa ile video wamepata moto, wamepanga kujipanga pande zote mbili za ngazi na fulana zao, waandishi wa habari waje, nami nipande katikati yao safari hii mpaka juu, niingie ukumbini niwamalize. Wanakuja ofisini wananikumbatia. Dada yangu yeye anabana sketi zangu tu na kusema, "Mdogo wangu, umekonda, kazi hiyo itakumaliza," namjibu ni uchovu wa kusahihisha mitihani. Nikipanda, huenda nikaacha pale ngazini nguvu ambayo hairudi tena, au nikakwama mbele ya kamera. Nikisema naumwa, Mganga Mkuu atasimama na kusema, mnaona? Si nilisema? Na idara imekwisha, na Wakili na wenzake watasomea ulemavu kwa watu wanaowaona kama mifupa ya kunyooshwa. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba tatizo si mwili. Leo mwili ndio tatizo. Naanzia wapi? Nipande au nisipande?

Ni mimi niliyebaki katikati.

*

Profesa, pole huipati. Umeikataa kwa maandishi, na mimi huheshimu maandishi. Lakini nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikatoka nje kuzunguka nyumba, nikarudi nikaisoma tena. Chukua hilo mahali pa pole, kisha kaa sawa, maana nina ugomvi na watu wawili na mmoja wao ni wewe.

Nianze na makofi. Umeyaandika kana kwamba wanafunzi ni wajinga. Si wajinga hata kidogo. Uliwaambia wasiseme, wakanyamaza. Uliwaambia wasikusaidie, wakakuangalia ukikata pumzi. Mwaka baada ya mwaka uliwafundisha kwamba ukihangaika pale ngazini wanatazama hoja, hawamtazami mtu. Wamefaulu somo. Umeugeuza mwili wako ubao wa kufundishia, Profesa, na ubao hauna ruhusa ya kuumwa. Wewe ambaye umeandika kurasa nyingi, sina shaka, kuwalaani wanaowafanya walemavu kuwa maonyesho, ulikuwa na onyesho lako kila mwaka, na tiketi ulizikata mwenyewe.

Halafu hili la fundi cherehani. Nilicheka, nakiri, na kicheko changu nacho hakikuwa kizuri. Umesafiri mpaka mji mwingine kwenda kumtafutia matibabu mtu ambaye hayupo. Daktari wa watu hana kosa: alimwona fundi, akamtibu fundi. Profesa anayesimama ubaoni na kupanda mawe hajatibiwa mpaka leo. Hakuulizwa anasimama muda gani, hakuambiwa ngazi zinamfanya nini, hakupimwa pumzi akiwa anazungumza kwa sauti ya kujaza ukumbi. Na ile habari ya pumzi kukata ukilala, ulimwambia? Hujaniandikia kwamba ulimwambia. Nadhani fundi wako wa kubuni hakuwa na shida ya pumzi. Kuna methali ya mficha maradhi, unaijua jinsi inavyomalizika, sina haja ya kukumalizia.

Sasa twende kwenye kiini, maana wewe ni mtu wa hoja na nitakupiga kwa hoja. Ulipomjibu Mganga Mkuu kwamba hospitali unakwenda ukiumwa, kama yeye, ulisema jambo la kweli kuliko yote yaliyosemwa kikaoni siku hiyo. Tatizo hukulisikia. Ukumbi ulisikia, ukacheka. Wewe ulirudi ofisini ukaogopa kuumwa. Kwa nini? Kwa sababu ndani yako umekubaliana naye. Umekubali kwamba mtu akiumwa anakuwa mali ya madaktari, yeye na kazi yake na idara yake na wanafunzi wake. Unaiamini hoja ya bwana yule kuliko anavyoiamini mwenyewe!

Hebu nikuulize. Mwalimu wa hesabu mwenye kisukari, umewahi kusikia idara ya hesabu imehamishiwa wodini? Huyo Mganga Mkuu, kwa umri wake, bila shaka anavaa miwani. Mbona ofisi yake haijapelekwa chini ya daktari wa macho? Mgonjwa ana haki ya kuwa na elimu. Mgonjwa ana haki ya kuwa na hasira. Mgonjwa ana haki ya kumwambia daktari, asante kwa dawa, sasa tuzungumze habari ya ngazi zako. Sentensi yako ya kwenye fulana ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ukiivaa muda mrefu inageuka sare, na mwenye sare hulazimika kupiga saluti hata kama anakufa. Ngazi ni dhuluma. Na mguu umechoka. Hayo mawili hayagombani, ni nyinyi wasomi mnaoyagombanisha, kwa sababu mtu aliyepigana vita moja maisha yake yote akiona jeraha lisilotoka kwa adui hajui alifunge kwa kitambaa gani.

Na nikuambie jambo la kukuudhi. Huko chini kati ya wanafunzi wako waliopiga makofi, wapo wanaoumwa. Wapo wenye maumivu yasiyotoka kwenye mlango wala kwenye sheria, wamekaa darasani kwako wanasikia kwamba mwili si tatizo, wanarudi vyumbani wanajiona wasaliti. Wewe leo umeonja kidogo chakula walichokuwa wanakula kwenye meza yako.

Wakili wako namwacha, sina cha kumkosoa. "Kama wewe uko sawa, basi mimi naona." Nimeandika gazetini muda mrefu na sijawahi kutunga sentensi kama hiyo. Amekuja kwako kama mtoto anavyokuja kwa mzazi, bila kungoja kukaribishwa, kwa sababu ana hofu juu yako, na wewe ukamtuma akaandike sura ya nne. Unataka arithi kiti chako. Kiti gani? Cha kufundishia ukweli au cha kufichia? Amesusa kukuletea kurasa, na mimi ningekuwa yeye ningesusa pia.

Sasa sikiliza, na usibishane nami kwa tanbihi; jibu hili nimekutumia wewe kwanza, gazetini litatoka baada ya Seneti.

Rudi kwa daktari yule yule. Mwambie ulimdanganya, taja kazi yako, taja pumzi. Ataona aibu kidogo na wewe utaona aibu nyingi, mtavumiliana. Akikuambia ukalie kiti cha magurudumu, kalia. Ulishika gongo maisha yako yote bila kuliona kuwa usaliti. Kiti ni gongo lenye matairi.

Ngazi hupandi. Si siku ya Seneti, si mwaka ujao kwa wanafunzi wapya, si kwa kubebwa mgongoni mwa vijana wenye fulana huku kamera zinacheka. Somo lile limekwisha. Lilikuwa somo zuri, na limekula nyama yako ya kutosha.

Waandikie Seneti leo kwamba utazungumza ukiwa chini. Pale pale chini ya ngazi, kwenye kiti, na Wakili pembeni yako. Wao wana miguu, washuke. Na utakapofungua mdomo, usianze na idara, anza na mwili: nina polio, imerudi kudai, naumwa, na ninyi mmejenga jengo ambalo mtu akiumwa hafiki kwenye kura inayomhusu. Mwache Mganga Mkuu aseme si nilisema. Mjibu kwamba ndiyo, alisema, na kwamba bado lifti hakuna. Kisha mwachie Wakili sehemu iliyobaki, maana pumzi yako haitatosha, na hilo nalo waache walione likitokea.

Nikuahidi kwamba mtashinda? Siahidi. Seneti nazijua, nyingi huingia ukumbini zikiwa zimeshapiga kura, kinachosubiriwa ni chai tu. Watashuka wachache, wenye haya. Wengine watabaki juu na kuinua mikono, na idara yako huenda ikafa siku hiyo wewe ukiitazama kutoka chini. Nguvu iliyokwisha kuondoka haitarudi pia, daktari amesema, mimi nani nimbishie. Sina cha kukuongezea upande huo. Ila kuna tofauti kati ya kunyang'anywa kitu na kukipeleka mwenyewe kwa mikono yako huku unapigiwa makofi, na tofauti hiyo ndiyo yote niliyonayo kukupa.

Yote hayo hutaweza kuyafanya kama bado huwezi kusema neno lililokwama kooni kwako pale katikati. Ulisema lilikuwa hapa. Basi lifanyie mazoezi nyumbani kwanza, penye mtu asiyepiga makofi. Ukimaliza kusoma jibu hili, kaa usikilize chumba cha pili. Cherehani ikinyamaza kidogo, mwite dada yako, mwambie, "Dada, naumwa, nisaidie." Usimwambie ni mitihani.